Ordinatere ao PlayStation: tofauti ni nani anashika ufunguo

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka, miji yetu inageuka nyeupe. Vijana wanamwagiana pudra kichwani, wanazunguka kartie wakiimba, na wamama wanalia kwa furaha. Siku mbili tatu baadaye, furaha ikiisha kupoa, swali linaingia nyumbani: mtoto huyu tumpe zawadi gani?

Kwa dada yangu, kule Butembo, swali hilo lilikuwa na bei yake: dola 300. Alizikusanya kidogo kidogo kwa miaka miwili akiuza vitenge, na alimwahidi mwanawe kwamba akipata diplome atachagua zawadi yeye mwenyewe. Mtoto akapata diplome. Akachagua PlayStation 4 ya okazyo na maneti mbili. Jioni hiyo dada akanipigia simu: "Kaka, zungumza na mtoto wako. Mimi nilifikiri ataomba ordinatere."

Nikazungumza naye. Nilidhani itakuwa mambo ya dakika tano. Kijana akanijibu kwa heshima: "Mjomba, munasema kama vile PlayStation si ordinatere. Ndani ni kitu kimoja. Tena ina nguvu kupita laptopu ya okazyo ambayo munataka kuninunulia."

Niseme wazi, juu wazazi wengi hawapendi kusikia jambo hili: kijana hakukosea. PlayStation 4, iliyotoka mwaka 2013, inatumia prosesa ya kampuni ya AMD, ya jamaa moja na prosesa zilizo katika ordinatere za kawaida. Xbox ya kwanza ya Microsoft, ya mwaka 2001, ilikuwa na prosesa ya Intel Pentium III na diski ngumu, sawasawa na mashine nyingi za ofisini za wakati ule. Ukizifungua zote mbili mezani, utakuta prosesa, memwari, diski na kifaa cha kuchora picha. Mzazi anayesema "hii ni kitu cha kuchezea, ile ni mashine ya kazi" anatazama ganda la nje tu.

Na kwa dola zilezile, konsoli inatoa picha nzuri zaidi. Hilo nalo lina sababu yake. Anayetengeneza konsoli hatafuti faida kubwa kwenye mashine yenyewe. Sony ilipotoa PlayStation 3 mwaka 2006, iliiuza kwa bei ya chini kuliko gharama ya kuitengeneza. Faida ilikuja nyuma, kwa kila mchezo uliouzwa, maana kila mwenye kutengeneza mchezo wa mashine ile anamlipa mwenye mashine. Muuzaji anayekupunguzia bei ya taa anajua kwamba mafuta utakuja kuyanunua kwake peke yake.

Basi, kama vyuma ni vilevile, tofauti iko wapi? Kwa maoni yangu, tofauti ni moja tu na nyingine zote zinatoka humo: nani anashika ufunguo. Katika ordinatere, mwenye mashine ndiye anaamua programu gani iingie. Katika konsoli, anayeamua ni kampuni iliyoiuza, hata kama pesa umelipa zote na mashine inalala chumbani kwako.

Tofauti hiyo haikuanguka toka mbinguni. Mwaka 1981, kampuni ya Marekani IBM ilitoa ordinatere yake ya mtu binafsi. Iliijenga kwa vipande vilivyopatikana sokoni, na ikachapisha kitabu kinachoeleza namna mashine inavyofanya kazi. Kampuni nyingine, kama vile Compaq, zikafuata na mashine zinazofanana nayo, na kila mtu mwenye akili na subira akaweza kuiandikia programu bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mlango uliachwa wazi, na mpaka leo ordinatere zetu zinapita mlango ule.

Kwa upande wa michezo, njia ilikuwa nyingine. Mwaka 1983 biashara ya michezo ya video ilianguka Marekani, na sababu moja ilikuwa wingi wa michezo mibaya: kila mtu alitengeneza, na wanunuzi wakachoka kudanganywa. Nintendo ilipoingia soko lile mwaka 1985, iliweka ndani ya konsoli yake kipande kidogo cha elektroniki kinachofanya kazi kama mlinzi wa mlango. Kaseti isiyokuwa na kipande mwenzake inakataliwa. Kwa hiyo kufuli la konsoli lilikuwa na sababu ya kueleweka, na linaleta faida hata leo: unaingiza diski, mchezo unaanza, virusi hakuna, na mchezo uliotengenezwa kwa mashine hiyo utakubali kwa miaka mingi. Anayetaka kucheza tu, bila kusumbuka, konsoli inamfaa, na sitamcheka.

Lakini kufuli lina upande wa pili. Mfano mzuri ni PlayStation 3 hiyohiyo. Mwanzoni Sony iliruhusu mwenye mashine aingize Linux na kuitumia kama ordinatere. Watafiti walifurahi. Jeshi la anga la Marekani liliunganisha PlayStation 3 zaidi ya 1700 mwaka 2010, likapata mashine moja kubwa sana ya kupiga hesabu. Lakini tarehe 1 mwezi wa nne mwaka huohuo, Sony ilitoa sasisho linaloondoa ruhusa ya Linux, ikisema ni kwa ajili ya usalama. Aliyekataa sasisho alipoteza nafasi ya kucheza kwenye intaneti. Aliyekubali alipoteza Linux. Watu walikwenda mahakamani Marekani, na kesi ikachukua miaka mingi. Waza hapo kidogo: mali uliyonunua, iliyo nyumbani kwako, inapunguzwa uwezo na mtu aliye ng'ambo ya bahari, na hukuvunja sheria yoyote.

Sisi wa Kongo kufuli hilo tunalijua kwa njia nyingine. Ili kununua mchezo ao kucheza na wengine kwenye intaneti, PlayStation inakuomba ufungue akaunti na kuchagua inchi yako. Kongo haimo katika orodha ya inchi hizo, kama vile inchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo vijana wetu wanaandika kwamba wanaishi Ufaransa ao Ubelgiji, na wanaomba Mungu akaunti isifungwe. Mwezi wa tano mwaka 2024, Sony ilitaka wanaocheza Helldivers 2 kwenye ordinatere nao wafungue akaunti hiyo. Inchi zaidi ya 170 zingeachwa inje. Wachezaji walipiga kelele dunia nzima, na baada ya siku chache tu Sony ikarudi nyuma. Kwenye konsoli, akaunti hiyo ndiyo kawaida ya kila siku na hakuna anayepiga kelele, maana anayenunua konsoli ameishakubali kwamba ufunguo si wake.

Nilipomweleza mpwa wangu haya, alinyamaza kidogo, kisha akatoa hoja ambayo sikuitazamia. "Mjomba, mimi sitaki kucheza tu. Nataka kufungua sali ya michezo. Mechi moja ya mupira ni franka 500. Nikipata mechi 20 kwa siku, ni franka 10 000."

Hoja hiyo haistahili kuchekwa. Katika miji yetu, vijana wengi wanakula kwa konsoli mbili na televizyo moja ndani ya kijumba cha mbao. Ni kazi, na ni kazi safi. Kwa hiyo tulikaa kwenye simu tukahesabu pamoja. Televizyo hana. Umeme si wa kutegemea, na PlayStation 4 ikichezwa inakula wati 100 hadi 150, wala haina batri: umeme ukikatika katikati ya mechi, mteja anadai pesa yake. Atahitaji jenereta na mafuta. Michezo mikubwa inapita gigabaiti 50, na kwa bei ya mega hapa kwetu, kuipakua ni ndoto, lazima atafute diski. Na kwenye avenyu yao kuna sali tatu tayari. Dola 300 zilikuwa zimeisha mbele ya mteja wa kwanza kuingia.

Laptopu ya kawaida inakula wati 30 hadi 60, na umeme ukikatika batri yake inakupa nafasi ya kumaliza kazi na kuihifadhi. Panela moja ya jua inaweza kuisaidia. Kwa laptopu, kijana anaandikia wanafunzi TFC zao, anatengeneza mialiko ya ndoa, anamsaidia mfanyabiashara kupanga hesabu za depo. Sekretaria nyingi za mjini zilianza hivyo, na mashine moja ya okazyo. Lakini faida hii ya pesa si ndiyo kubwa.

Faida kubwa ni hii: kila mchezo unaouona kwenye konsoli ulitengenezwa kwenye ordinatere. Hakuna njia nyingine. Minecraft, mchezo unaojulikana na watoto wa dunia nzima, ulianzishwa mwaka 2009 na mtu mmoja wa Sweden, Markus Persson, kwenye ordinatere, na watu wakaununua ukiwa haujakamilika. Konsoli zilikuja kuupokea baadaye. Programu za kutengenezea michezo kama Godot, za kuchora kama Blender, za kuandika kama LibreOffice, zote ni za bure na hazikuulizi unakaa inchi gani. Konsoli inamfundisha mtoto kutumia kilichokwisha kutengenezwa. Ordinatere inampa nafasi ya kutengeneza, akitaka.

Nasema "akitaka" kwa makusudi. Ordinatere si dawa. Nimeona nyumba ambamo laptopu ya dola 400 imegeuka televizyo ya kutazamia filamu. Nimeona nyingine iliyojaa virusi mpaka ikafa, kwa sababu uhuru wa kuingiza chochote ni uhuru wa kuingiza uchafu pia. Na kufuli zinaingia polepole hata katika ordinatere na simu zetu, ambazo kila mwaka zinapenda zaidi kutuuliza akaunti na ruhusa. Kwa upande mwingine, tangu mwaka 2022 kampuni ya Valve inauza Steam Deck, mashine ya michezo yenye sura ya konsoli, lakini ndani ni ordinatere ya Linux ambayo mwenyewe anaweza kuifungua na kuibadilisha. Sura inadanganya. Ufunguo haudanganyi.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa mashariki kuliko watu wengine. Coltan inayochimbwa Rubaya, katika Masisi, inatoa tantali, chuma kinachotumika katika vipande vidogo vya elektroniki vya mashine za namna hii. Mwaka 2000, wakati PlayStation 2 ilipotoka na simu za mkononi zikiongezeka, bei ya tantali ilipanda vibaya sana, na watu wenye silaha wakang'ang'ania machimbo yetu. Wapo ng'ambo walioita vita ile "vita ya PlayStation". Jina hilo linapunguza mambo, maana vita ilikuwa na mizizi mingi. Lakini ukweli unabaki kwamba udongo wetu umo katika mashine zote mbili, konsoli na ordinatere. Udongo umeondoka bila sisi kuulizwa. Mashine inaporudi, na sisi ndio tunalipa, angalau tuchague ile inayorudi na ufunguo wake.

Ndiyo sababu nawaambia wazazi: mbele ya kutoa pesa, musiulize mashine gani ina nguvu, wala ipi ni ya "masomo". Ulizeni maswali matatu. Umeme ukikatika, itakuwa namna gani? Mtoto akitaka kuingiza programu, ataomba ruhusa kwa nani? Na akichoka kucheza, mashine itabaki na kazi gani nyingine? Na nyinyi wafanyabiashara munaoleta vitu toka Dubai na Kampala, leteni laptopu nzima zenye batri nzima, maana mtoto anayepewa mashine mbovu atarudi kwa maneti, na atakuwa na haki.

Dada yangu aliheshimu neno lake, akamwacha mwanawe achague. Kijana alifikiri juma zima, kisha akachukua laptopu. Sitasema alifurahi. Mashine ni nzito, imechakaa kwenye kona, na mchezo wa mupira anaoupenda haiwezi kuubeba. Jumamosi anaenda kwenye sali, analipa franka zake 500 kama wengine, na mimi sioni ubaya.

Lakini mwezi uliopita alinipigia simu usiku. Alikuwa ameondoa Windows, akaingiza Linux, na sauti ikapotea kabisa. Siku tatu alitafuta, alisoma, alijaribu, aliharibu tena. Siku ya nne sauti ikarudi, na alitaka niisikie. Akaweka simu karibu na laptopu, nikasikia wimbo unakwaruza. "Mjomba, musikie," akasema. "Nimeitengeneza mimi."

Konsoli isingemruhusu kuiharibu namna ile. Kwa hiyo isingemfundisha kuitengeneza.