Haki ya Muuguzi Isingoje Mgomo

Ni nyumba chache mno katika Kibondo na Kasulu ambazo hazijapata kumpeleka mgonjwa hospitalini usiku wa manane. Anayetupokea saa hizo, mara nyingi, si daktari bali ni muuguzi. Ndiye anayempima mtoto joto, ndiye anayekaa na mama katika uchungu, na ndiye anayewafunika maiti wetu kabla jamaa hawajaitwa. Zamu yake ikiisha na mwenzake hajafika, hawezi kufunga wodi akaenda zake kama mwenye duka afungavyo duka lake.

Hata hivyo, maneno yanayosikika zaidi katika baraza zetu baada ya swala ni ya lawama. Muuguzi ana lugha kali. Muuguzi alikuwa amelala. Muuguzi kaomba chochote. Lawama nyingine ni za kweli, nasi hatuna nia ya kuzifunika. Anayemtukana mzazi aliye katika uchungu amekosa, na malimbikizo ya mshahara hayahalalishi kosa hilo. Lakini uadilifu unatutaka tusikilize na upande wa pili: je, sisi na mwajiri wake tumemtimizia haki yake?

Wakazi wa nyanda hizi wanalijua jambo hili kwa macho yao. Wakimbizi wa Burundi walipoingia kwa wingi mwaka 1993, na wale wa Kongo mwaka 1996, mashirika ya misaada yalihitaji wauguzi makambini, nayo yalilipa vizuri kuliko serikali. Watumishi wakaziacha hospitali na zahanati za wilaya wakaenda huko. Wapo waliowaita wasaliti. Ukweli ni kwamba mtu huenda anakothaminiwa, na yule anayebaki hubeba mzigo wa wawili kwa ujira wa mmoja.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, na inamtaka mwajiri ajadiliane kwa nia njema na chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi. Inatoa pia haki ya kugoma. Lakini huduma za afya na maabara zake zimewekwa katika kundi la huduma muhimu, pamoja na maji, umeme, zimamoto na uongozaji wa ndege. Waliomo katika kundi hilo hawaruhusiwi kugoma, isipokuwa pawepo mkataba wa pamoja unaotaja huduma zitakazoendelea kutolewa wakati wa mgomo, na mkataba huo uwe umeidhinishwa na kamati inayohusika. Bila ya hivyo, mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako msuluhishi hupewa siku 30, na ikishindikana hutolewa uamuzi.

Tunaiona hekima ya sheria hii. Mgonjwa hakushiriki katika ugomvi, basi kwa nini yeye ndiye alipe kwa roho yake? Lakini anayemfunga mtu mikono amejitwisha wajibu wa kumlinda. Ikiwa muuguzi amezuiwa silaha yake ya mwisho kwa maslahi ya mgonjwa, mwajiri hana ruhusa ya kunyamaza kwa kujua kuwa muuguzi huyo hatagoma. Akifanya hivyo, ameigeuza kinga ya mgonjwa kuwa ngao ya dhulma.

Majirani zetu wa Kenya wameonja matokeo ya kuchelewesha. Tarehe 5 Juni 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma chini ya chama chao cha KNUN, wakidai mkataba wa pamoja ambao serikali za kaunti na taasisi za serikali kuu zilikuwa zikitupiana. Mgomo ulikwisha Novemba 2, baada ya takriban miezi mitano. Wenye fedha walikwenda hospitali binafsi. Maskini walibaki nyumbani na wagonjwa wao. Februari 2019 wauguzi wa baadhi ya kaunti waligoma tena, wakisema kuwa yaliyokubaliwa hayakutekelezwa. Ahadi isiyotimizwa ni mbegu ya mgogoro mwingine.

Nasi Watanzania tusijione tuko salama. Mwaka 2012 madaktari waligoma mwanzoni mwa mwaka, wakarudi kazini baada ya kuahidiwa, kisha wakagoma tena mwezi Juni licha ya amri ya mahakama. Katika siku hizo kiongozi wao, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa, akapigwa na kutupwa katika msitu wa Mabwepande. Aliyeumia pamoja nao ni mgonjwa aliyerudishwa nyumbani kutoka Muhimbili bila ya kutibiwa.

Dini yetu haikuliacha jambo hili gizani. Imemtaka mwajiri amtajie mfanyakazi ujira wake kabla ya kazi na amlipe bila ya kumsumbua. Na imemtaka mfanyakazi aitimize kazi kwa ukamilifu kwa kuwa ni amana. Wala uuguzi si kazi duni kwetu. Historia inamtaja Bibi Rufayda, aliyesimamisha hema lake katika Msikiti wa Madina, ambako Saad bin Muadh alipelekwa kuuguzwa alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq. Kazi iliyopewa nafasi msikitini haistahiki kudharauliwa leo.

Kwa hiyo tunasema yafuatayo. Waajiri, wawe halmashauri au mashirika ya dini, waitishe vikao na watumishi kwa wakati, wasingoje barua ya malalamiko. Na anayedai malimbikizo aambiwe kwa maandishi anadai kiasi gani na atalipwa lini. Viongozi wa matawi ya vyama waende wodini wakati wa usiku, wasionekane siku ya Mei Mosi tu wakiwa na fulana mpya. Wauguzi nao wakumbuke kuwa lugha njema kwa mgonjwa haihitaji nyongeza ya mshahara, na kwamba jamii iliyotendewa wema ndiyo itakayowasemea.

Na sisi wenye misikiti tusijitoe. Bodi ya afya ya halmashauri na kamati za vituo vya tiba zina wajumbe wanaowakilisha wananchi. Tuwajue kwa majina, na tuwaulize: wodi ya wazazi ina wauguzi wangapi usiku? Baraza la wafanyakazi lilikaa lini mara ya mwisho? Wanadai nini, na tangu lini? Anayeuliza maswali haya leo, akafuatilia majibu yake, huenda akamwokoa mke au mtoto wake kesho. Anayengoja mpaka milango ifungwe ndipo alalamike, atakuwa amechelewa.