Kagera ya nikeli, dhahabu na kiwavi

Wadau, leo nashusha nondo. Siyo za zege wala zile za kijiweni. Nondo mdudu, yule anayeanza maisha akiwa kiwavi, anakula majani mpaka anashiba, halafu anajifungia kwenye kifukofuko cha hariri.

Tukisikia hariri tunafikiria China na miforosadi. Kumbe Afrika ina hariri yake ya porini! Kuna Gonometa postica wa nchi kame, ambaye kiwavi wake hula majani ya migunga. Kuna Anaphe, ambaye viwavi wake hujenga kiota kimoja kwa ujima. Wayoruba wa Nigeria hufuma nguo ya sanyan kwa hariri yake. Na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijaribu biashara ya hariri hiyo Bukoba. Ndiyo, Bukoba yetu.

Sasa tushuke Ngara na Biharamulo. Utajiri wa huko ukitajwa, utasikia nikeli ya Kabanga na dhahabu ya Tulawaka, mgodi ulioanza 2005. Msitu je? Unahesabiwa kwa magunia ya mkaa. Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa siku moja hivi, na kuni za Benaco zikatoka porini. Siwalaumu, mtu lazima apike. Lakini Wanyarwanda wengi walirudi kwao Desemba 1996. Mbona shoka halijapumzika?

Kiwavi anataka mti uliosimama, hiyo ndiyo hoja yangu. Kenya, taasisi ya icipe iliwafundisha wanavijiji wa Mwingi na wa kando ya msitu wa Kakamega kupata kipato kutokana na hariri ya porini. Kifukofuko cha Gonometa kinaweza kuvunwa nondo akisharuka zake, tofauti na cha mforosadi, ambacho mwenyewe huuawa kwa joto akiwa ndani.

Mtasema viwavi huwa wengi mwaka huu, mwakani haba. Kweli kabisa. Ndiyo maana sisemi mtu aache migomba na maharage. Nasema iwe nyongeza kando ya mizinga ya nyuki, na isiishie mfukoni mwa dalali.

Waheshimiwa wa halmashauri, kabla ya kutoa kibali kingine cha mkaa, tumeni watu wakaangalie matawini kuna nini. Dhahabu ikishachimbwa haioti tena.

Nanyi wa Ngara na Biharamulo, viwavi hawa mnawaitaje kwa Kihangaza, Kishubi au Kizinza? Kisicho na jina ni rahisi kukichoma.