TAHARIRI: Dereva wa lori la zege alipwe kwa saa, si kwa tripu

UKIWA umekwama ndani ya matatu Barabara ya Mombasa, lori la zege lililo mbele yenu huonekana kero tupu. Ni zito, linapanda mlima polepole, na lile pipa lake halikomi kuzunguka. Makanga analirushia maneno, bodaboda inapenya pembeni, na kila mtu anataka litoke njiani. Ni wachache wanaojiuliza huyo dere aliye kwenye usukani analipwa vipi. Swali hilo linatuhusu sote, kwa sababu jibu lake linagusa barabara tunazopita na majumba tunamolala.

Wako madereva wa malori haya wanaopata mshahara wa mwezi, wakiwa na mkataba, bima na siku ya kupumzika. Lakini wako pia wanaohesabiwa tripu. Ukipeleka mizigo mitano unalipwa mitano. Ukikwama kutwa nzima na mzigo mmoja, shauri yako. Msimamo wetu ni kwamba malipo ya aina hii hayafai kabisa kwa kazi hii. Dereva wa zege anafaa kulipwa kwa saa anazokuwa kazini, zikiwemo zile za kusubiri.

Tuanze na mzigo wenyewe. Zege si mawe wala mchanga, vitu vinavyoweza kulala kwenye lori hadi kesho. Maji yakishakutana na saruji, saa imeanza kuhesabu. Kigezo kilichotumika kwa miaka mingi katika ujenzi ni kwamba zege limwagwe ndani ya dakika 90 hivi. Zipo dawa za kuchelewesha kuganda, lakini jua likiwa kali muda huo hupungua. Mzigo ukigandia ndani ya pipa, kuna binadamu atakayetumwa kuingia humo na kuuvunja kwa mashine, kelele zikimpasua masikio na vumbi likiingia mapafuni.

Kisha kuna uzito. Mita moja ya ujazo ya zege bichi ina takriban tani 2.4. Lori lililobeba mita sita za ujazo lina zaidi ya tani 14 mgongoni, na huo ni mzigo peke yake. Tena mzigo huo ni kama uji mzito unaotikisika, na umekaa juu. Lori likiingia kwenye kona kwa kasi, uzito unalalia upande mmoja na linaweza kupinduka hata kwa mwendo ambao kwa gari dogo ni wa kawaida. Kazi hii inataka mtu mtulivu, anayefunga breki mapema na asiyevutwa na hasira za barabarani.

Kwa hivyo dereva huyu ana sauti mbili kichwani. Zege linamwambia harakisha. Uzito unamwambia pole pole. Mtu angetarajia mwajiri awe upande wa uzito, kwa sababu huko ndiko kuliko na uhai wa dereva na wa watu wengine walio barabarani. Malipo ya tripu yanamfanya mwajiri awe sauti ya pili ya kuharakisha.

Madhara hayaishii barabarani. Tuseme lori limefika saiti Ruaka, likakuta pampu imeharibika au mbao za slabu hazijafungwa. Saa moja inapita, ya pili inaingia, na zege linaanza kuwa gumu. Nyapara anapaza sauti: "Dere, ongeza maji!" Maji yakiongezwa, zege linateleza vizuri na vijana wa mjengo wanafanya kazi haraka. Lakini kila lita ya maji iliyoongezwa kiholela inapunguza nguvu ya zege likishakauka. Ndiyo maana saiti zinazofuata utaratibu hupima ulaini wa zege kwa kopo la chuma lenye urefu wa sentimita 30 kabla ya kupokea mzigo, kisha hutengeneza michemraba ya zege hilo hilo ili ivunjwe maabara baada ya siku 28 kujua nguvu yake.

Saiti isiyofanya vipimo hivyo imemwachia dereva uamuzi wote. Na dereva wa tripu atakataa vipi? Akigeuza lori na mzigo wake, tripu imepotea na pengine atakatwa pesa juu yake. Hatusemi maji ya lori ndiyo yaliyoangusha jengo la Huruma mwezi Aprili 2016, ambapo makumi ya watu walikufa. Tunasema kwamba nchi iliyopitia msiba kama huo haifai kuvumilia mfumo unaomlipa mtu kwa kunyamaza.

Halafu kuna usingizi. Sheria ya Trafiki inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Ni sheria nzuri, ila inahesabu kuendesha. Slabu kubwa mara nyingi humwagwa usiku barabara zikiwa wazi, na malori hupanga foleni nje ya saiti hadi alfajiri. Dereva aliye kwenye foleni hiyo hawezi kulala. Pipa lazima lizunguke, na kila baada ya dakika chache anatakiwa kusogea. Kwenye karatasi hajaendesha. Mwilini amefanya kazi usiku kucha, na asubuhi anaanza tripu nyingine kwa sababu ile ya usiku imemlipa kidogo.

Wenye malori wana hoja yao, na ni haki isikizwe. Wanasema ukimlipa dereva kwa saa, ataegesha kibandani akinywa chai huku zege la mteja likiganda. Hofu hiyo ina dawa tayari. Karatasi ya mzigo inaweza kuonyesha saa lori lilipotoka kiwandani, lilipofika, lilipoanza kumwaga na lilipomaliza. Vifaa vya kufuatilia magari navyo vimejaa mjini. Anayezembea atajulikana bila kuwaadhibu wote. Na iwapo ni saiti iliyochelewesha lori, mteja ndiye anayefaa kutozwa gharama ya kusubiri. Kwa sasa, pale dereva anapolipwa kwa tripu, gharama hiyo inatoka mfukoni mwake, ilhali si yeye aliyeharibu pampu.

Kuhusu kukatwa pesa, sheria haiko kimya. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika iwapo mfanyakazi aliiharibu kwa kusudi. Zege lililoganda kwa sababu ya msongamano au saiti isiyo tayari si kosa la kusudi la dereva. Sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Pia inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe kwa maandishi, na inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi hafai kuendelea kuhesabiwa kama wa kuajiriwa kwa siku.

Kwa nini stori hii iwe kwenye ukurasa wa vijana? Kwa sababu mjengo ni mojawapo ya sehemu chache mjini ambako kijana anaweza kupata kazi bila kujuana na mtu ofisini. Kila mahali majumba ya ghorofa yanainuka, na mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu umeongeza saiti zaidi. Wengi wanaoanza kwa kubeba kokoto au kuwa mataniboi wanaliangalia lile lori kama hatua inayofuata. Ni ndoto halali. Inataka leseni ya daraja C, ambayo haitolewi ukifika tu miaka 18, na inataka ujuzi ambao udereva wa gari dogo haukupi. Lazima ujue kwamba pipa likizunguka upande mmoja linachanganya na likigeuzwa linamwaga, ujue ni ardhi gani itabeba magurudumu na ni ipi itazama, na ujue kwamba maji ya saruji yanachoma ngozi ukiosha pipa bila glavu na buti.

Ujuzi kama huo haufai kuuzwa kwa bei ya kubahatisha. Kijana anayepewa funguo za lori hili aulize maswali manne kabla ya kuliwasha. Nitalipwa vipi nikisubiri? Mzigo ukiharibika, nani anabeba hasara? Nikiumia, bima ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 imelipiwa? Na siku yangu ya kupumzika ni ipi? Mdosi akikasirikia maswali hayo, tayari amejibu.

Lakini si haki kumtwika kijana mmoja anayetafuta riziki mzigo wa kurekebisha sekta nzima. Anajua kuna wengine kumi nje ya lango wanaomezea mate funguo hizo. Maafisa wa kazi waende saiti usiku, si mchana pekee, na waulize madereva wameamka saa ngapi. NTSA ikikagua malori haya iangalie saa za dereva pamoja na breki na magurudumu. Serikali nayo, kwa kuwa ndiyo mteja mkuu katika miradi ya nyumba, iweke kwenye kandarasi zake sharti kwamba anayeleta zege awe amewaajiri madereva wake kwa mkataba wa maandishi na malipo ya saa.

Hatua hiyo itapandisha gharama ya zege kidogo. Tunafaa kuilipa. Nguzo inayoshikilia nyumba yako ilipitia mikononi mwa dereva fulani saa fulani ya usiku, na ni heri alikuwa mtu aliyelala vya kutosha na asiyeogopa kusema, "Mzigo huu umeharibika, simwagi."