Mama Mkwe Akisema "Mtoto Nzuri"

Shoga zangu, na hasa nyinyi mabi harusi mnaoolewa bara.

Mimi nimeolewa Ikinga, wilaya ya Ileje, mkoani Songwe, milimani karibu na mpaka wa Malawi. Lugha ya nyumbani kule ni Kindali. Kiswahili wengi wanakipata shuleni. Siku niliyofika, mama mkwe alinishika mikono mbele ya ukoo mzima akasema, "Mtoto wangu nzuri." Nami, mtoto wa Mjini, nikacheka. Si kwa sauti, lakini aliona. Siku tatu nzima kila neno lake kwangu lilipitia kwa wifi.

Kosa lake lina asili yake. Sisi tuliozaliwa na lugha hii tunasema mtoto mzuri, chakula kizuri, maneno mazuri, bila kufikiri. Anayejifunza husikia nini kutwa? "Habari za asubuhi?" "Nzuri." Basi analishika hilohilo na kulibandika kila mahali.

Wifi yangu huyo alikuja Unguja kufanya kazi katika hoteli moja ya pwani, akawa anajifunza Kihispania kwa simu. Alijua "bueno" ni kama "-zuri" yetu, hubadilika kufuata jina: buenos días asubuhi, buenas tardes jioni. Alichokuwa hajui ni kwamba Kihispania kina vitenzi viwili vya "kuwa". Siku moja mgeni, mzee wa watu, akamsaidia kubeba ndoo. Wifi, na ushungi wake, akamshukuru: "Estás muy bueno." Alitaka kusema una roho nzuri. Kumbe amemwambia kwamba mwili wake unatamanisha, na mke wa mgeni kasimama hapo hapo!

Yule mke hakucheka wala hakununa. Baadaye alimvuta wifi pembeni, wawili tu, akamweleza: tabia ya mtu ni eres bueno, ukianza na estás umezungumzia umbo.

Aliponisimulia nikacheka tena, kisha nikanyamaza, maana yeye hakuwa anacheka. Akaniambia, "Mama naye alitaka kusema mwema. Uzuri wako angeuona wapi? Ulishuka garini na ushungi, na makoti mawili kwa baridi."

Hapo ndipo aibu iliponiingia. Tofauti ileile ya Wahispania tunayo wenyewe: mzuri ni sura, mwema ni tabia. Na sisi wenye lugha tunaichezea. Tunamtafutia kaka yetu "mke mzuri", tunaulizia rangi na nywele, halafu tunashangaa ndani hamna wema. Mama mkwe alikosea herufi moja tu. Mimi nilikosea adabu.

Maoni yangu, na najua wengine hamtayapenda, ni kwamba sisi wa visiwani tuna kiburi cha Kiswahili. Tunamkata mtu katikati ya maneno, tena mbele ya watu, tukidhani tunamfundisha. Aya ya 11 ya Suratul Hujurat inakataza kudharauliana, na wanawake tumetajwa humo peke yetu. Somo wangu alinifunza mapishi na udi, lakini kunyamaza mkwe anapokosea lugha hakunifunza, wala sidhani wengi wenu mmefunzwa. Sisemi makosa yaachwe. Wifi anataka kusahihishwa, ndiyo riziki yake. Nasema mkae wawili, na umweleze sababu.

Mama mkwe nilimwomba radhi jikoni, nikachelewa sana lakini nikamwomba. Akasema hakumbuki. Anakumbuka.

Sasa najifunza Kindali. Bado niko kwenye salamu, na wiki iliyopita, kwenye simu, nilimsalimia mzee mmoja wa ukoo kwa namna ambayo wifi alininyang'anya simu, akanipeleka chumbani na kufunga mlango ndipo akanieleza.