Msinifutie Mama Yangu

Washikaji, leo nina ugomvi na nyinyi. Kijiweni kwetu kumezuka wazo kwamba mwandishi wa kisasa aache maandishi yake wazi, msomaji yeyote aingie, afute, aongeze. Mnaiita demokrasia ya kalamu. Mimi nauita uvivu wa kuandika cha kwako.

Siongei kwa kusikia. Mwaka jana niliwapa daftari langu, kurasa sitini za kumbukumbu za marehemu mama. Lilirudi lina wino wa rangi nne. Tahajia mlinirekebishia, asanteni, Kiswahili changu cha kidato cha nne kina mashimo. Lakini mmoja wenu alikata pale mama anaponitukana siku nilipofeli, akaandika juu yake: "Mama akanikumbatia." Eti inapendeza zaidi. Jamani! Huyo ni mama wa nani? Wangu alitukana mpaka majirani wakatoka nje, halafu usiku nikakuta chakula changu kimefunikwa kwa kawa, hakusema neno. Ukifuta lile tusi, kile chakula kinabaki ugali tu.

Mtaniambia mbona Wikipedia inaandikwa na umati tangu 2001, na tunaisoma? Sawa. Mtu akikosea kimo cha Kilimanjaro, unamletea mita 5,895 na ushahidi wake, yamekwisha. Mama yangu mtamsahihisha kwa ushahidi gani?

Hata riwaya ya kubuni ilijaribiwa. Mwaka 2007 kampuni ya Penguin na Chuo Kikuu cha De Montfort, huko Uingereza, walifungua riwaya kwenye intaneti, kila mtu aandike na kufuta. Ikaitwa A Million Penguins. Walijitokeza watu kama 1,500, na mmoja akawa anachomeka ndizi humo. Ndizi! Nilicheka, kisha nikalikumbuka daftari langu, kicheko kikakata.

Wazee wetu walikuwa wakali kuliko sisi, ila walijua mipaka. Kwenye kurasa za mashairi za Mambo Leo, gazeti lililoanza 1923, malenga aliyechukizwa na mwenzake alimjibu kwa shairi lake mwenyewe, beti kwa beti. La mwenzake lilibaki pale pale, msomaji akaamua nani kamshinda nani.

Basi daftari nalirudisha kijiweni. Kila ukurasa nimepiga mstari pembeni. Andikeni hapo, nipondeni mtakavyo, wekeni na majina. Atakayevuka mstari namwingiza sura ya tano, na simbadilishi jina.