Waliotapeliwa magari mtandaoni tusiwacheke

Ndugu Mhariri,

Nataka kutoa dukuduku langu kuhusu jambo linalowaumiza wananchi wengi, hasa vijana wa pembezoni mwa jiji letu la Dar es Salaam, tangu Mbagala na Tandika huku Temeke hadi Tegeta na Bunju kule Kinondoni. Jambo lenyewe ni ununuzi wa magari ya mbio yaliyotumika kwa kutazama picha katika mtandao.

Kila inaposikika kwamba kijana fulani ametuma fedha na gari halikuja, maneno ya vijiweni huwa ni yale yale: "Shauri yake, nani alimtuma kutaka gari la mbio?" Mimi sikubaliani kabisa na maneno hayo.

Kwanza, kuagiza gari kwa picha si ujinga. Wazee wenzangu watakumbuka kwamba katika miaka ya 1970 gari lilikuwa jambo la kibali na foleni ndefu, na kwamba nafuu ilianza mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuleta bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe. Leo mtu aliyekaa Chamazi anaagiza gari Japani kwa simu ya mkononi. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na usukani wao uko kulia, ndiyo maana magari mengi tunayoyaona barabarani yametoka kwao. Biashara hii ni halali. Kijana aliyeingia humo amefanya kama wanavyofanya wenzake, ila yeye amekutana na mwizi.

Na wezi wenyewe, ndugu Mhariri, si wajinga. Wako wanaochukua jina la kampuni inayojulikana wakabadili herufi moja tu, wakanakili picha zake na kuandika bei ya chini kuliko wote. Wako wanaoingilia barua pepe kati ya mnunuzi na muuzaji wa kweli, kisha siku ya malipo wanaandika kwamba akaunti ya benki imebadilika. Wako pia wa hapa hapa jijini, ambao hutangaza gari lisilo lao, wakadai kianzio kitumwe kwa simu upesi kwa sababu eti kuna mteja mwingine yuko njiani. Wengine huuza gari ambalo ni dhamana ya mkopo, na kadi wanayoonyesha ni nakala tu.

Katika mtaa wetu yuko kijana mchomeleaji wa mageti aliyeweka akiba kwa miaka minne, akaongezewa na mama yake fedha za mgao wa kikoba. Alituma fedha zote ng'ambo kwa ajili ya gari aina ya Altezza. Gari halikuja. Kwa muda wa miezi mitatu kijana huyo alikuwa akituambia kwamba gari liko melini, kumbe tangu wiki ya tatu alikwisha kujua kuwa ameibiwa. Hakwenda polisi, wala hakurudi benki. Alipoulizwa na mama yake sababu ya kunyamaza, alijibu kwamba aliogopa kuchekwa. Katika miezi hiyo hiyo kijana mwingine wa mtaa wa pili alituma fedha kwa watu wale wale.

Hapo ndipo penye kiini cha barua yangu. Kicheko chetu ndicho kilichomziba mdomo yule wa kwanza, na kimya chake ndicho kilichompoteza yule wa pili. Mwizi wa mtandao hutegemea aibu ya aliyeibiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, lakini sheria haiwezi kumfuata mtu ambaye habari zake hazikupelekwa kituoni. Aidha, fedha zilizotumwa benki zikiripotiwa siku ile ile, huenda bado zikazuiliwa. Zikiripotiwa baada ya miezi mitatu, zimekwisha kwenda.

Pili, ningependa kuwaeleza vijana kwamba hata gari likifika salama, taabu yaweza kuwa ndiyo imeanza. Gari la mbio huuzwa rahisi kwa sababu zake. Altezza ilitengenezwa kati ya 1998 na 2005, na Mazda RX-8 ilikoma kutengenezwa mwaka 2012. Magari hayo yote yamezidi miaka 10, na gari dogo lililozidi umri huo hutozwa ushuru wa ziada kwa uchakavu. Forodha huhesabiwa asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na nauli ya meli na bima, kisha juu yake huja VAT ya asilimia 18. Hivyo gari lililofika bandarini kwa dola 5,000 linakuwa dola 6,250 baada ya forodha, na dola 7,375 baada ya VAT, hapo ushuru wa bidhaa, ule wa uchakavu, gharama za bandari na ujira wa wakala bado. Tena TRA hutumia kadirio lake la thamani, haifuati tu bei iliyoandikwa katika ankara. Kikokotozi cha kodi hiyo kipo katika tovuti ya TRA, na kila mtu aweza kukitazama kabla ya kutoa hata senti moja.

Kuhusu injini, ile ya RX-8 haina pistoni za kupanda na kushuka kama injini nyingine. Ina rota inayozunguka, hula oili kwa maumbile yake, na mafundi wengi wa gereji za mitaani hawajapata kuifungua. Magari mengi ya mbio ya Kijapani yalitengenezwa yatumie petroli ya daraja la juu ya kwao, yenye oktani 96 au zaidi. Yako pia yaliyoshushwa chini na wenyewe wa kwanza. Gari la namna hiyo likipita katika matuta na mashimo ya mitaa yetu wakati wa masika, litakwaruza tumbo kila siku. Na mwendo wenyewe uko wapi? Katika maeneo ya makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa.

Picha haionyeshi gari lililozama katika mafuriko, wala lililogongwa likanyooshwa. Lakini karatasi zaweza kuonyesha. Magari mengi ya Japani hupitia minada, na kila gari la mnada lina karatasi ya ukaguzi yenye alama: 4 au 4.5 ni gari zuri, na herufi R huonyesha kuwa lilipata ajali likatengenezwa. Iko pia hati ya kufuta usajili kwa ajili ya kupeleka gari nje, yenye namba ya chesi na mwaka wa usajili wa kwanza. Muuzaji anayekataa kuonyesha karatasi hizo aachwe, hata bei yake iwe tamu namna gani. Vile vile kuna chama cha Wajapani wanaouza magari yaliyotumika nchi za nje, kiitwacho JUMVEA, ambacho orodha ya wanachama wake iko wazi. Jina la mwenye akaunti ya benki lazima liwe lile lile la kampuni, bila kupungua herufi. Ukiambiwa akaunti imebadilika, piga simu kwa namba uliyoipata mwanzo kwa njia yako mwenyewe, usipige ile iliyoandikwa katika barua hiyo mpya. Kwa gari la hapa nchini, nenda na fundi wako mchana, dai kadi halisi, na mkahakikishe mwenye gari TRA kabla ya kulipa.

Wapo watakaosema kwamba kila mtu ajilinde mwenyewe. Nakubali kwamba mnunuzi ana wajibu wake. Lakini mchomeleaji wa Mbagala atajuaje maana ya herufi R katika karatasi ya Kijapani, ikiwa hakuna aliyemweleza kwa Kiswahili? Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu kwa wahusika. Moja, TRA, TBS, Polisi na Tume ya Ushindani washirikiane kutoa kijitabu kimoja cha Kiswahili chepesi juu ya kuagiza gari, na kibandikwe katika ofisi za kata. Mbili, mwananchi anapofika benki kutuma fedha za gari, karani amuulize kama amehakikisha jina la akaunti. Swali hilo halichukui dakika mbili. Tatu, majina na akaunti zilizokwisha kulalamikiwa yatangazwe haraka, ili wengine wasinaswe kwa ndoano ile ile.

Na sisi majirani tuna pendekezo letu, ambalo halihitaji bajeti ya serikali. Kijana akituambia ameibiwa, tumsindikize kituoni siku hiyo hiyo. Maswali ya kwa nini alitaka gari la mbio yangoje.

Msomaji wa siku nyingi,
Mbagala, Temeke,
Dar es Salaam.