Ajali Ina Kinga

Husemwa kila siku kwamba ajali haina kinga. Sisi twasema kwamba mahali pa kazi usemi huo umewapumbaza wengi, na umewapa baadhi ya waajiri pa kujifichia.

Mtu aendeshaye pikipiki ya maji baharini hujifunga mkononi kamba fupi iliyoshikana na swichi ya injini. Akianguka, kamba huchomoka na injini huzimika papo hapo. Chombo hakimkimbii, wala hakirudi kumgonga. Kamba yenyewe ni kitu kidogo, lakini isipofungwa mkononi haina faida yoyote.

Ndugu zetu wa Lushoto wako mbali na bahari, lakini jambo hili lawahusu. Huko Shume, ambako zama za Wajerumani mbao za mwangati ziliteremshwa kwa kamba za chuma hadi Mkumbara kwenye reli ya Tanga, leo hukatwa misindano katika shamba la miti la Serikali. Chombo cha kazi hiyo ni msumeno wa mnyororo, nao una kinga ya namna ile ile. Kidole kikiachia kibonyezo cha mafuta, mnyororo husimama. Ncha ikigonga gogo, na msumeno ukaruka kuelekea uso wa mkataji, kinga ya mbele husukumwa na breki huukamata mnyororo kabla ya sekunde moja kutimia.

Waliobuni vifaa hivi hawakumdharau mfanyakazi. Walijua kwamba mtu hodari naye huchoka. Na katika miteremko ya Usambara, ukungu ukishuka na udongo ukilowa, hata mguu uliozoea huteleza.

Basi mtu afungaye kibonyezo kwa kipande cha mpira ili kidole kipumzike, amejikatia kamba yake mwenyewe. Lakini hatukubali lawama yote imwangukie yeye. Alipwaye kwa idadi ya magogo huhesabu kila dakika. Na akabidhiwaye msumeno wenye breki mbovu, kisha akaambiwa kazi iendelee, hakuichagua hatari hiyo. Amechaguliwa na mwenye kazi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imempa mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake, na imempa mfanyakazi wajibu wa kujilinda yeye na wenzake. Tena, kwa sheria ya mwaka 2008, uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa ajili ya wanaoumia kazini. Hilo ni jambo jema, walakini fidia haioteshi mkono uliokatika.

Kwa hiyo yatupasa kudai mambo matatu. Kila asubuhi breki ya kila msumeno ijaribiwe mbele ya msimamizi. Msumeno usiosimama usipelekwe msituni. Na mfanyakazi akataaye chombo kibovu asikatwe ujira, wala asiitwe mwoga. Matawi ya vyama vya wafanyakazi yasingoje maziko ndipo yaulize maswali haya.

Mti usiokatwa leo utakuwapo kesho. Twataka na mkataji wake awepo.